Mpagazi Aliyeomba Nimtue

Sikulazimishi uniamini, ila usinicheke. Mambo haya niliyaona kwa macho yangu haya mawili, saa saba mchana, jua linawaka, na sikuwa nimeonja hata togwa. Watu hudhani wafu hutembea usiku tu. Nani kawadanganya?

Kwanza ujue kwamba mimi ni mwanamke wa kinyaa, tena kinyaa kibaya. Mtu akikohoa mezani na kumeza alichokohoa, chakula changu kimeishia hapo. Kikombe alichonywea mwingine sikigusi mpaka nikisugue kwa majivu. Mama yangu alikuwa akinicheka, anasema nilikosea njia nikazaliwa kijijini. Shika hilo, maana ndilo lililoniponza.

Tulikuwa tunakaa Litapunga, mimi na mama tu. Ni mwaka mmoja kabla ya zile mvua za El Nino. Mimi fundi cherehani, yeye kikongwe wa miaka themanini na kitu, miguu imekufa, anasogea kwa kujiburuta. Baba yake alichukuliwa wakati wa vita ya Wajerumani na Waingereza, mama akiwa mtoto wa miaka kama minne. Walimtwisha vipande vya chuma vya meli avipeleke Ziwa Tanganyika. Hakurudi. Hakuna aliyeleta habari, mwili haukuonekana, na matanga hayakukaliwa. Utaanzaje kumlilia mtu ambaye hujui kama amekufa? Mama amezeeka hajawahi kumlilia baba yake.

Sasa dereva mmoja wa lori la samaki aina ya migebuka, mteja wangu wa siku nyingi, akaniambia kwamba kule ziwani kuna mnara wa wanamaji waliokufa katika vita ile. Juu wameweka nanga, mbele kuna majina ya Wazungu, na nyuma, chini kabisa, mstari mmoja umeandikwa: na wapagazi. Basi, hakuna hata jina moja. Nilimsimulia mama. Jioni akasema, "Nipeleke hapo, mwanangu. Nikamlilie baba, halafu hata nikifa sawa."

Tukaanza kupanga safari. Dereva alikubali kutupitia Jumamosi alfajiri, mama akae mbele, mimi nipande nyuma na matenga. Nikatafuta mkeka wa kumlaza njiani, nikaazima chupa ya chai ya kuwekea uji, nikamchemshia mama dawa yake ya miguu. Mwenyewe alitaka kitu kimoja tu, gauni jeusi la msiba. Alhamisi mchana nilikuwa barazani nalishona, yeye amejilaza ndani.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Unaujua mzoga wa ng'ombe uliolala siku tatu kwenye tope? Ilikuwa hiyo, imechanganyika na kutu. Nilifikiri mbwa kaburuta kitu nyuma ya nyumba. Nikainua macho, nikaona mwanamume kasimama uani, hatua nne kutoka kwenye cherehani yangu.

Alikuwa amevaa kipande cha gunia kiunoni. Kichwani alikuwa na ngata ya majani, na juu ya ngata bati nene la chuma, pana kama mlango, limetobolewa matundu pembeni. Ukingo wa chuma ulikuwa umelalia bega lake la kushoto, na pale bega halikuwepo. Palikuwa na shimo la usaha, linachuruzika mpaka kwenye kiwiko, na ndani ya shimo vitu vyeupe vinatambaa. Nisamehe kama unakula. Mate yalinijaa mdomoni, nikayatema pembeni bila hata kuona aibu.

"Hodi mjukuu," akasema. "Nitue."

Wewe unajua kwetu ilivyo. Mtu akifika na mzigo kichwani huulizi jina wala anakotoka. Unanyanyuka, unamtua, maneno mengine baadaye. Hata adui yako utamtua. Mimi nilibaki kwenye kiti, nimeziba pua kwa lile gauni jeusi.

"Mzee, shikamoo," nikasema. "Nenda zahanati. Hapa hakuna mwanamume wa kukusaidia."

Alikuwa anatazama mlango wa nyumba. Akauliza taratibu, "Kale katoto kangu kamekula?"

"Hapa hakuna mtoto," nikamwambia, na kweli hakukuwa na mtoto.

Kutoka ndani, mama yangu, bibi kizee wa miaka themanini na kitu, akajibu pale pale, "Nimekula, baba."

Mama hakuwa amemwona, hakuwa ameuliza ni nani. Nikasikia anajiburuta sakafuni, anapumua kwa shida, anapiga kelele, "Mtue! Mtue, mwanangu! Mimi siwezi kusimama! Mtue baba!"

Ningekuwa sijajua, ningejitetea. Lakini nilikuwa nimejua. Nilinyanyuka, nikapiga hatua mbili, tatu, nikanyoosha mikono kushika chuma. Ukingo ulikuwa na utelezi wa kahawia. Funza mmoja akadondoka kutoka begani, akaniangukia kwenye kifundo cha mkono, wa baridi, anajinyonganyonga. Nikaruka nyuma nikapiga ukelele. Nikamfutia kwenye gauni la msiba la mama yangu.

"Siwezi!" nikasema. "Siwezi, siwezi!"

Aliniangalia. Afadhali angekasirika, au angenilaani nijue moja. Alisema tu, "Si kitu, mjukuu wangu. Nimezoea." Akajizungusha polepole na mzigo wake, akashika njia ya kuelekea ziwani.

Mama alipofika mlangoni aliona kisogo tu. Akaita mara moja. Yule mtu akapita nyuma ya mahindi ya jirani, na upande wa pili hakutokea. Jirani mwenyewe ndiye aliyetokea, kajifunika pua kwa khanga. "Nyie, nani katupa mzoga hapa?" akauliza. Mimi nilikuwa nimeinama ukutani natapika.

Jumamosi alfajiri lori lilikuja, dereva akapiga honi. Nilikuwa nimefunga kila kitu. Mama hakugeuka hata kidogo kitandani.

"Mwambie aende," akasema. "Nikalilie jiwe la nini? Baba amekuja mwenyewe mpaka mlangoni, tumemrudisha na mzigo wake."

Alisema tumemrudisha. Yeye aliyejiburuta mpaka magoti yakachubuka! Angesema umemrudisha, ningepata la kujibu. Hakulirudia tena neno hilo, ila kila mchana alitaka nimkalishe mlangoni, na chakula alikula kwa haraka, kama mtu anayetaka akiulizwa awe amemaliza. Alikufa kabla ya mvua zilizofuata. Hatukumzika na lile gauni, nilikuwa nimelichoma moto, maana nililifua mara saba na harufu haikutoka.

Mikononi pia haijatoka. Daktari amenusa, mchungaji amenusa, wote wanasema mikono yangu ni safi. Mimi najua ninachokinusa. Siku hizi uchafu wa watu haunishtui, nimeosha vidonda vya wagonjwa ambao ndugu zao wamewakimbia. Kinyaa chote kimenigeukia mwenyewe. Nikijiona kwenye kioo natamani kutema mate.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayenisikiliza. Mtu akisimama kwako akasema nitue, mtue. Ananuka, mtue. Ana funza, kunja uso, tapika ukitaka, lakini mtue kwanza.

Yule dereva bado ananiambia mnara upo, anaweza kunipeleka siku yoyote bure. Namjibu kesho, keshokutwa, ni miaka sasa. Kule kuna mstari wa wapagazi wasio na majina. Nikasimame mbele yao na uso gani?