Robine ya Mtaa Wetu

Miaka ile nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya zoni, ndivyo tarafa za mji wetu zilivyoitwa enzi za Zaire. Kazi yangu ilikuwa kuandika kwa mashini maamuzi ya baraza: nani amepewa kiwanja, barabara gani itatengenezwa, dispansari ipi itafunguliwa Jumamosi. Niliandika mambo ya watu nisiowajua, nikafunika mashini, nikarudi nyumbani. Mpaka siku baraza lilipofikia suala la mtaa wetu.

Baba alikuwa amemaliza kazi ya mgodi, na mfanyakazi akistaafu hurudisha ufunguo wa nyumba ya kampuni. Tukaondoka kambini, tulikokuwa na robine ya kufungulia maji karibu na mlango, tukajenga kwenye lupango, kiwanja tulichopewa na zoni kando ya barabara ya Kipushi. Majirani wote walikuwa kama sisi: wastaafu, na wajane wa wachimbaji. Nyumba zilisimama upesi, kwa matofali tuliyochoma wenyewe, lakini maji hayakuwepo. Wanawake waliteremka kijitoni na ndoo, saa nzima kwenda na kurudi, na kiangazi kikikomaa kijito kilikuwa matope tu. Baba, aliyewahi kuongoza kikosi kizima chini ya ardhi, alishinda kwenye kiti chake mbele ya nyumba akitazama barabara. Siku nyingine alisalimia tu, basi.

Sasa zoni ilikuwa imepata mabomba ya kutosha mtaa mmoja. Mtaa mwingine ulioyataka ulikuwa na soko, na soko halikosi watetezi. Kikao kilikuwa cha wazi. Nilikuwa nimekaa pembeni na daftari langu mlango ulipofunguka, wakaingia wanawake wa kwetu, wamejifunga vitenge vyao vya Jumapili, mama yangu mbele. Mama hakuwahi kusema mbele ya watu. Hata kanisani alisali bila kutoa sauti.

Mjumbe mmoja, mtu mnene katika abakosti, ile suti isiyo na tai ya enzi zile, iliyonyooshwa vizuri, ndiye aliyekuwa akisema. "Bale ba kule beko na kijito. Iko karibu. Bantu ba soko njo banateseka."

Mama akasimama.

"Situayen mujumbe," alianza, kwa lile neno la "raia" tulilotumia wote badala ya "bwana", "kama iko karibu, kuya na siye kesho asubui. Tutakupatia ndoo."

Ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko. Komiseri wa zoni, aliyeongoza kikao, naye alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akamgeukia mjumbe. "Situayen, bamama banakualika. Utakatala?"

Angekataaje, mbele ya watu wote wale?

Na kweli alikuja. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linatoka, baridi ya mwezi wa saba inauma vidole, nasi tukamwona anashuka barabarani na abakosti yake na viatu vinavyong'aa. Wanawake walimpa ndoo ndogo. Akaikataa, akadai kubwa kama za wenzake. Kuteremka alitania njia nzima. Kijitoni mama alimviringishia kitambaa cha kuweka kichwani, wanawake wawili wakamtwika, tukaanza kupanda. Alisimama mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Maji yalimchuruzika shingoni, yakaingia kwenye kola. Wanawake walianza kumwimbia, wakimpigia vigelegele kama bwana harusi, na mimi nilicheka hadi nusu ya ndoo yangu ikamwagika.

Juu ya kilima alitua, akakaa chini kwenye vumbi bila kujali suruali.

"Mama, munafanya hii mara ngapi?"

"Mara tatu kwa siku. Siku ya kufua, mara tano."

Akatazama ndoo yake iliyobaki na maji kidogo. "Basi," akasema. "Minaona."

Baraza lilikutana tena juma lilelile, na safari hii milango ilifungwa. Alasiri niliwekewa mezani karatasi iliyoandikwa kwa mkono ili niipige chapa. Niliona jina la mtaa wetu. Niliharibu karatasi mbili kabla ya kupata moja safi. Mabomba yalikuwa yetu! Lakini kwa sharti: wakaaji wachimbe wenyewe mfereji kutoka barabara kuu, kwa salongo, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi. Jumamosi tatu zikipita bila mfereji kufika, mabomba yangekwenda sokoni.

Uamuzi usiotiwa sahihi hausemwi nje, hilo nililijua. Nilikaa kwenye kiti kama mtu aliyekalia makaa mpaka komiseri alipoweka kalamu chini. Nikavua viatu, nikakimbia navyo mkononi.

Nilipaza sauti kwamba mabomba ni yetu tukichimba mfereji, na mama alinisikia nikiwa bado mbali. Alipiga ukelele mmoja tu na wanawake wakatoka kila ua. Katikati ya kelele zile nikasikia sauti nyuma yangu.

"Urefu wa kwenda chini ni ngapi?"

Alikuwa baba. Amesimama.

"Karatasi inasema mpaka kiunoni, baba."

Aliingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa kofia yake ya mgodi, na mkononi ana kamba na vijiti vya kupimia.

Jumamosi ya kwanza alivuta kamba kutoka barabarani mpaka katikati ya mtaa, akawagawa wazee wenzake, kila mmoja na kipande chake. Wajane walichota udongo kwa beseni. Ardhi ya kiangazi ilikuwa ngumu kama tofali, sururu zikitoa cheche. Jumamosi ya pili tulikutana na kichuguu kikubwa kuliko nyumba yetu. Fundi wa zoni akasema tukizunguke. Baba akamuuliza kama ana mabomba ya ziada. Hakuwa nayo.

"Basi tunapita ndani," akasema baba, na wazee wakashangilia kama vijana wanaokwenda mpirani. Walikata kichuguu kile kwa zamu, mmoja akichoka mwingine anadaka sururu, wakiitana kwa majina ya utani ya chini ya mgodi ambayo sisi watoto wao hatukuwahi kuyasikia. Yule mjumbe alikuja na koleo lake, bila abakosti. Jumamosi ya tatu, jua likiwa utosini, mfereji ulifika.

Siku ya kufungulia maji, mafundi walikuwa hawajafukia mabomba yote. Kule barabarani wakazungusha gurudumu la valvu. Baba aliinama, akaweka kiganja kwenye chuma, akasikiliza.

"Inakuya!" akapaza sauti. Akakimbia mbele kidogo, akashika tena. "Inakuya! Inakuya!"

Mtu yule aliyekuwa hainuki kitini alikuwa anakimbia kando ya mfereji, kofia imekaa upande, na mtaa wote nyuma yake. Mama alikuwa ameshika robine kwa mikono miwili. Ilikohoa, ikatema upepo, ikatema matope mekundu yaliyomchafua kifua kizima, na halafu maji yakatoka, meupe, kwa nguvu. Sijui nani alipiga kelele kuliko wote, mama au mjumbe.

Alasiri ile hakuna aliyepika. Tulifua. Tulifua mablanketi, mapazia, magunia, na nguo zilizokuwa safi tayari. Baba aliosha baiskeli yake, kisha akaosha ya jirani. Nyua zote za mtaa zilifunikwa na nguo zinazotiririka, rangi juu ya rangi, na mama, ambaye hakuwa na chombo kichafu kilichobaki, alikuwa amerudi kwenye foleni na sahani zilezile.