Lawama Haisukumi Mashua

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipotoka Katwe nikiwa bibi harusi, ndani ya mashua yenye tanga na injini ndogo. Tulikuwa tunavuka ziwa kwenda Kayanzi, upande wa Bwera, ambako bwana harusi na padri walitungoja. Usukani alishika shemeji yangu Bwambale, ndugu wa bwana harusi. Kaka yangu Thembo ndiye aliyenunua petroli. Katikati alikaa nyanya yao kina Bwambale, mama aliyetoka Butembo, kule Kongo, amekumbatia keki kama mjukuu mchanga.

Mbali na nchi kavu injini ikazimika. Bwambale akavuta kamba, ikawaka. Akaingiza gia, ikafa tena.

"Petroli yenu iko na maji!" akamfokea Thembo.

"Injini yenu imezeeka!"

Yenu, yenu! Hapo ndipo undugu unapochanika, mwanangu. Walikunjana mashati, na huku upepo ukitusukuma polepole kuelekea maji ya Kongo, ambako askari hukamata mashua na watu wake. Harusi yangu niliiona inazama. Machozi yakachora mistari kwenye poda.

Nyanya akapiga ubao kwa kiganja. "Munyamaze! Mashua iko naenda Kongo, na nyinyi muko natafuta mwenye makosa. Lawama haisukumi mashua! Tanga ile munaiwekea nani?"

Kweli, tanga lilikuwa limekunjwa pale pale, na hakuna aliyelikumbuka. Hasira hupofusha hata mwenye macho mazuri. Wakalipandisha, likajaa upepo, mashua ikageuza pua. Ndipo wakainua injini pamoja na kuchungulia: wavu mkuukuu ulikuwa umejiviringisha kwenye pangaboi. Petroli haikuwa na kosa, wala injini.

Kisu kilikuwa kimoja tu, cha keki, chenye utepe mweupe. Nyanya akakitoa akicheka mpaka kilemba kikamwanguka. Wakakata wavu kwa zamu, mmoja akimshika mwenzake kiuno asitumbukie. Injini ikanguruma vizuri, lakini tukaizima, maana upepo ulikuwa mtamu na Nyanya alishaanzisha wimbo. Kiboko mmoja akakoroma, Thembo akasema huyo anaimba besi.

Tulifika tumechelewa, padri ameshakula. Watu wa Kayanzi walipiga vigelegele, wakidhani tumekuja kwa tanga kwa ajili ya madoido!

Sasa unaoa, mwanangu, nami nakuachia neno hili. Siku nyumba yenu itakapozimika katikati ya safari, usianze kwa kuuliza nani kaharibu. Kwanza izuieni isipotee, kwa chochote mlicho nacho. Kisha inameni wote wawili mtazame chini. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru.

Nyamuhanga, Muumba wetu, awape upepo wa mgongoni, na ukigeuka, awape mikono ya kushikana. Nendeni, wanangu. Mzae, mcheke, mzeeke pamoja.