Wikendi ya Magamba: Nilivyombeba mama mkwe mgongoni

Wakuu, salaam kwenu. Leo nimeleta kisa changu mwenyewe. Wale mnaosemaga kila uzi humu ni chai, hii haina hata jani la chai, ni kweli tupu.

Naishi Usagara hapa Tanga mjini, ni fundi umeme kiwandani. Mke wangu Mwanaisha ni mtu wa Moa, kule karibu na mpaka wa Kenya. Majuzi nikapata uhamisho wa kwenda Mbeya. Cheo kimepanda, nyumba ipo, mambo safi.

Shida ni moja. Mke akasema hatoki Tanga mpaka mama yake aridhie. Na ndoa yetu bado mbichi, wakuu. Niende peke yangu tuanze kuishi kwa video call? Hapana aisee.

Mama mkwe naye hakatai wala hakubali. Kila binti yake akimuuliza anasema "tutaona", anainuka kwenda kuangalia kuku wake.

Kumuuliza mimi? Thubutu! Kwake mkwe ni mkwe. Namwamkia shikamoo nimeangalia chini, ananiitikia marahaba ameangalia ukuta. Hatuli sinia moja, hatupeani mkono. Akiwa na neno na mimi analipitisha kwa binti yake, hata kama nimekaa palepale.

"Mwanaisha, mwambie mwenzio gari lake linavuja oili."

Ndipo mke akaja na plan: tumpeleke mama Lushoto wikendi moja, tumtembeze msitu wa hifadhi ya Magamba, akishafurahi, yeye binti atamchomekea suala la Mbeya.

Hapa nicheke kidogo. Sisi watu wa pwani hatuna akili ya baridi kabisa. Tulibeba deli limejaa barafu na juisi ya ukwaju! Tumepanda kutoka Mombo, kona juu ya kona, tunafika Lushoto meno yanagongana. Ile juisi hakuna aliyeigusa.

Kesho yake asubuhi tukaingia msituni na guide, dada mmoja wa Kisambaa, mwembamba, anapanda mlima kama yuko sebuleni kwake. Akaangalia miguu ya mama mkwe, akaona makubazi.

"Mama, njia inateleza."

"Haya natembelea juu ya matumbawe kwetu," mama akajibu, akapita.

Na kweli alitembea. Alifurahi sana, wakuu. Alipowaona mbega juu ya mti akasimama, shingo juu.

"Mwanaisha, muulize dada, hawa hawasikii baridi?"

"Hao wamezaliwa na makoti, mama," guide akamjibu. Mama akacheka mpaka akashika mti. Mke wangu akanikonyeza, maana yake leo ndiyo leo.

Sasa wakati wa kushuka, kubazi likateleza. Mama chini, puu! Kifundo cha mguu kikaanza kuvimba hapohapo. Ukungu umeshuka, manyunyu yameanza, guide anapiga simu, network hakuna.

Guide na Mwanaisha wakajaribu kumbeba. Njia nyembamba, watu hawawezi kwenda sambamba, nusura wote watatu waingie korongoni. Wakamkalisha tena. Wakanigeukia mimi.

Mimi nikaangalia miti.

"Mwanaisha, mwambie mwenzio hilo asiliwaze," mama akasema. "Nitalala hapahapa na mbega."

"Mama, jamani! Utakufa na baridi!" Mke wangu akaanza kulia. Midomo ya mama inatetemeka na yeye kakaza uso.

 Mwisho mama akavuta kanga yake ya juu, akajifunika kichwa na uso gubigubi.

"Haya. Mimi sipo hapa. Abebe mzigo wake. Na nyie tangulieni, asigeuke mtu."

Nikachuchumaa, nikabeba.

Wakuu, mama mkwe ana mwili, mashallah. Jasho linanitoka kwenye baridi ile. Nasema moyoni, Ya Rabi, nikianguka na huyu mama, Mbeya niisahau na ndoa niisahau.

Tumeshuka kidogo, nikasikia sauti ndani ya kanga.

"Huko mnakokwenda kuna baridi kama hii?"

Nikataka kusimama. Tangu nimuoe binti yake hajawahi kunisemesha mimi kama mimi.

"Kuna, mama. Wakati mwingine kushinda hii."



"Mwanaisha hana kifua cha baridi. Asioge maji ya baridi."

"Hataoga, mama."

"Nunua blanketi zito. Siyo haya ya maua."

"Nitanunua."

"Akinuna usimwache alale hivyo. Akinuna huyo hali chakula."

"Nimesikia, mama."

 Mimi natafuta pa kukanyaga.

"Na Idi mje."

"Kila Idi, mama."

"Usiahidi kila Idi. Sema mtakuja."

"Tutakuja."

Basi. Hakuongeza neno mpaka getini. Nikamshusha kwenye benchi, akajifunua, akaangalia huku na huku kama mtu aliyeshuka kwenye gari lake.

"Mwanaisha, mwambie mwenzio ahsante kwa kubeba mzigo. Na muanze kufunga vyombo, safari ya Mbeya siyo ya kukurupuka."

 Mimi nimeangalia chini, adabu zangu zote, ila moyo unacheza ngoma. Mguu wenyewe uliteguka tu, sasa hivi anafukuza kuku kama kawaida.

Nilichojifunza: nilidhani huyu mama ananibania. Kumbe alikuwa na mengi ya kuniambia na hakuna mlango wa kuyapitishia. Na mkienda Magamba, vaeni viatu vya maana.

Wenye mama wakwe wa heshima kali, nyie mambo mazito mliyamalizaje? Na wana Mbeya, nipeni uzoefu wa hiyo baridi yenu. Kejeli pia ruksa.

NB: Mke wangu hayumo humu jukwaani, kwa hiyo hili naliacha kwenu. Pale getini aliona shati langu limelowa sana begani, upande mmoja tu, pale mama alipoegemeza uso, akaniuliza kulikoni.

Nikamwambia ni ukungu.