Bomba la Bustanini

Saa moja asubuhi, bustani imeshajaa watu wa mazoezi. Chini ya nyasi zake, katika kituo kilichojengwa ardhini, mama mmoja wa makamo anavaa buti, anakaza barakoa, kisha anagonga kwa spana mara moja bomba la hewa linalotokeza bustanini. Maana yake: tuko salama. Mlinzi aliye juu anajibu vivyo hivyo. Simu hazishiki mtandao huko chini, kwa hiyo wanasemezana kwa bomba.

Wenzake wanamwita Mama Chujio. Kazi yake ni kunasua matambara, nywele na mafuta yaliyoganda kwenye machujio ya kituo cha kusafisha majitaka. Mtaa mzima unaoga, unafua, unavuta maji ya choo na kusahau.

"Watu wanasifu bustani haina harufu," anasema, akicheka mpaka anakohoa. "Harufu haijaenda popote. Tunakaa nayo sisi."

Kikohozi hicho ndicho kilicholeta ugomvi nyumbani. Daktari alimwambia aache kazi ya chini. Mumewe, seremala mstaafu, alimbembeleza, kisha akamnunia. Mama hakusikia la mwadhini wala la mteka maji. Feni moja ya kuvuta hewa imeharibika tangu mwaka jana, uongozi unasema subirini, naye alihofia kumwachia mgeni mahali kama pale.

Tena kituo chenyewe anakipenda. Kabla hakijajengwa ardhini, hapo palikuwa na mabwawa ya majitaka, wazi, na mvua ikinyesha yalifurika hadi milangoni. Kitindamimba wao alikufa kwa kuhara.

"Anayeuliza kituo hiki kina faida gani," anasema taratibu, "hakuzika mtoto hapa."

Basi mwezi uliopita mzee akafanya la kufanya. Kila mchana humletea mkewe chakula na kumngoja kwenye benchi kando ya bomba. Siku hiyo, labda njaa, labda mapenzi, akaona amwite mwenyewe. Akagonga bomba kwa fimbo yake mara tatu.

Hakujua kwamba kugonga mara tatu maana yake hewa imechafuka, tokeni. Mama Chujio na wenzake walitupa vifaa wakakimbilia ngazi. Walipochomoza juu walimkuta babu wa watu ameshika hotpoti, anatabasamu.

Mkewe hakuweza hata kumfokea. Pumzi ilikuwa imemwishia katikati ya ngazi, na wenzake wawili ndio waliompandisha wakiwa wamemshika makwapa. Mzee alipoona hivyo, alikaa chini kwenye nyasi akalia.

"Ingekuwa kweli, ningewafia njiani," anasema Mama Chujio. "Na walionibeba wangekufa na mimi. Hapo nikakubali."

Mwisho wa mwezi huu anaacha kazi. Kwanza atasimama kwenye mkutano wa wakazi kuwaombea wenzake feni, maana anaamini uongozi utawasikia walioko juu kuliko walioko chini. Mumewe ameahidi kwenda naye, na ameapa hatagusa chochote.

Baada ya hapo mipango yake ni midogo. Anataka kukaa kwenye lile benchi, yeye na mzee wake, saa ya chakula.

"Nitagonga mara moja tu," anasema. "Wakinijibu, ndipo nitakula."