Mnyama Mwenye Vichanuo

Kila nikipita sokoni Butembo, pale wamama wanapopanga makayabu, ile harufu ya samaki wa chumvi inaniamshia hasira. Wengine wanasikia njaa. Mimi nasikia hasira ya mtoto wa miaka kumi, na ninyi nitawaambia sababu.

Papa alikuwa mtumishi wa serikali. Walimtuma Butembo kutoka Muanda, kule nchi yetu inapogusa bahari, tukapanga nyumba upande wa Rughenda. Kabla hatujahama, asubuhi moja ufukweni, alichota maji kwa kikombe akanimiminia kiganjani kitu laini, kinachoonekana hadi ndani, kikubwa kama yai la kuku. Nikapiga kelele, nikidhani ni konyeza. Akacheka.

"Usiogope, mama. Hii hapana méduse. Méduse inaogelea kwa kujifunga na kujifungua sawa mwavuli, na inachoma. Hii iko na mistari munane ya bichanuo, angalia vile binapepea. Hii hapana choma mutu."

Ile mistari ikawaka rangi zote juani. Siku ile nilimwona papa kama mtu anayejua kila kitu duniani.

Basi Butembo, darasani, mwalimu akafungua kitabu, na mnyama wangu huyu hapa, na mistari yake minane! Mwalimu akasema ni méduse, anawasha kama upupu wa kwenye ua wa shule. Mdomo wangu huu! Nikainua mkono.

"Mwalimu, hiyo hapana méduse. Hiyo hapana choma. Mimi niliishika."

Darasa lote likacheka. Mwalimu hakuwahi kuiona bahari hata siku moja, mais siku ile bahari ilikuwa yake. Alitoka, akarudi na maganda ya upupu ndani ya karatasi.

"Si unashikaka bintu? Shika na hii."

Nilishika mpaka kengele ikalia. Alitaka tu niseme nimedanganya. Sikusema. Viganja vilivimba kama mandazi, lakini nilijikaza, kwa kuwa nilijua papa atakuja na atasema ukweli.

Kesho yake papa alikuja kweli, amevaa koti lake la kazi. Kwenye bureau ya Directeur, mkuu wa shule, mwalimu alisimama karibu na dirisha, amekunja mikono.

"Papa, huyu mutoto anasema kuko munyama ya bahari ya vile ya kukosa kuchoma mutu," Directeur aliuliza. "Ni kweli?"

Papa aliangalia viganja vyangu. Akamwangalia mwalimu.

"Batoto banapenda kusema sana, Directeur. Mutusamehe."

Kisha akaniambia niombe pardon. Nikaomba. Njiani alininunulia bombon tamu, nikaitupa kwenye matope mbele ya macho yake. Hakunigombeza, na hilo lilinichukiza zaidi.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa. Wakati ule watu walikuwa wanauawa upande wa Beni, karibu na kwetu, na kila aliyetoka mbali alitazamwa kwa jicho baya. Mwalimu alikuwa na ndugu kila kona ya mtaa. Neno moja lake, kwamba hawa wageni wanatudharau, lilitosha kuleta mawe mlangoni kwetu. Papa alichagua mlango. Mimi pia leo nina mlango na watoto nyuma yake, donc ninaelewa. Lakini kuelewa hakukunitoa hasira, msidanganyike.

Juzi binti yangu alimpigia simu babu yake, ambaye sasa amerudi Muanda, akamwuliza habari za wanyama wa bahari. Mzee akaanza kwa furaha: mistari minane ya vichanuo, mwavuli wa méduse, yote. "Ile hapana choma mutu, hata kidogo!" Nikamnyang'anya mtoto simu.

"Papa, sema tena."

"Hapana choma mutu. Nilijua, mama. Siku ile nilijua."

Maneno matatu tu. Yalikuwa kinywani mwake pale mbele ya Directeur, na mimi nilikuwa nimesimama kando yake, nayangojea.