Bei ya Kuchelewa

Kadi ya kwanza ya mkopo niliyoishika ilikatwa kwenye boksi la sabuni. Mama alipewa na mfanyabiashara mmoja mwenye duka la mbolea Makambako, mhamiaji, Mwislamu wa swala tano, miaka ile ruzuku ya mbolea ilipoondolewa na kila mkulima akaambiwa ajitafutie sokoni. Sisi tulikuwa Walutheri wa Njombe, wakulima wa mahindi, na mama alikuwa mjane mwenye ng'ombe mmoja tu, mtamba ambaye hajazaa. Mtamba huyo ndiye aliyekuwa ada yangu ya sekondari.

Mama alikuwa mgumu wa kukopa, na alikuwa na sababu. Baba, enzi za uhai wake, alikopa kwa mtu fulani mjini Njombe. Alilipia fomu, akamlipia mtu wa kuja kukagua shamba, akalipa riba kila mwezi, na alipochelewa akapigwa faini. Kisha akaletewa barua ya kumkumbusha deni, na hiyo barua nayo akatozwa. Mama alisema mtu anayekutoza kwa kazi ya kukudai hana hata chembe ya aibu.

Kwa hiyo pale dukani hakugusa mfuko wa mbolea mpaka aambiwe yote. Mwenye duka alimweleza taratibu: taslimu bei hii, mkopo bei ile, imezidi kidogo, na dhamana ni mtamba. Mama akakubali mkopo, halafu akauliza lile aliloliogopa.

"Na nikichelewa, baba?"

"Bei ni hiyo hiyo, mama. Nikiongeza hapo ni riba, na riba kwetu ni haramu."

Mama hakumwamini. Njia nzima ya kurudi alitafuta gharama ilipofichwa, akaigeuza kadi hata upande wenye picha ya sabuni.

Siku hizi nina kadi ya plastiki ya benki. Kabla ya kusaini nilimuuliza binti wa kaunta swali hilo hilo la mama, naye, Mungu ambariki, akanifungulia kurasa: ada ya mwaka, riba, faini ya kuchelewa, makato ya kutoa fedha taslimu. Nilizisoma zote huku foleni ikininung'unikia. Kuuliza kabla ya kupokea sikufundishwa darasani, na nawashukuru sana mama na yule mwenye duka.

Mwaka ule wa mkopo wa mbolea, mvua ziligoma kukatika. Mahindi hayakukauka, wanunuzi wakachelewa, nasi tukapitiliza tarehe. Tulipokwenda Makambako mama alikuwa na fedha kamili na kiroba cha viazi vya kuchagua, vya kulainisha faini. Mimi nilimwona mjanja kweli. Yeye lakini alishaanza kumhesabu mtamba kuwa si wetu.

Alitanguliza viazi. Mwenye duka akakirudisha kiroba polepole.

"Siwezi kupokea kitu chako, mama, wakati bado nakudai."

Kwetu kumrudishia mtu zawadi ni kumtukana. Mama aliinamisha uso, nikajua anadhani viazi havitoshi kufidia faini. Akafungua fundo la kitenge, akaweka fedha juu ya meza. Mwenye duka akazihesabu, akaridhika kwamba ni bei ile ile ya siku ya kwanza, akaichana kadi mbele yetu. Alisema tumemalizana na mtamba ni wetu. Hakutaja kuchelewa.

Mama alisimama akimtazama. Nilitaka kumrukia yule mzee kwa furaha, lakini nilimwogopa mama. Yeye hakushukuru wala hakuaga, alijitwisha kiroba chake akatoka mpaka barabarani, nami nikamfuata nikijua tunaondoka. Huko nje akajifunga kitenge vizuri, akajipangusa macho, akageuka, akarudi kusimama mlangoni.

"Hodi," alisema.

Mwenye duka aliinuka, akakipokea kiroba kwa mikono miwili. "Karibu, dada," akasema, kisha akamwita mkewe aweke chai, mgeni amefika.