Sikio la Kapsoit na Turbo Ndogo

Kabla sijamsema mtu, nijiseme mwenyewe kwanza. Mimi ni Kebaso, mtu wa Nyamira niliyehamia Kapsoit nikafungua duka la spea kuukuu, ukuta mmoja na gereji ya Mzee Alexander. Kosa ninalotaka kulisimulia watu huliita lake, lakini nusu yake ni yangu, na nusu hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Mzee Alexander alifanya kazi miaka kumi na tisa katika kiwanda cha majani chai, chumba cha mashine za kusaga. Humo ndani, ukitaka kuongea na mtu mnaongea kwa mikono. Alipostaafu mwaka wa tisini na tatu walimuaga kwa soda, mikate na saa ya mkononi ya betri, zile zenye tarakimu. Akaja nyumbani akafungua gereji, na saa ile hakuivua hata akiwa amelala chini ya lori.

Injini alikuwa anaipima kwa namna moja tu. Anaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini anaubana sikioni, kisha anafumba macho. Ikipita dakika moja anakuambia ni beringi, au ni valvu, na mara nyingi ndivyo ilivyokuwa. Watu wakamwita Sikio. Magari yalitoka Kericho mjini, mengine yakatoka Chepilat, na mafundi wenye vyeti walinyamaza yeye akisema. Jina lenyewe alilipenda, asikudanganye mtu. Ukimsemesha kwa upole alikukemea uache kunong'ona kama mwizi, nasi tukaona hayo ni maringo ya fundi mkubwa.

Mwaka wa tisini na sita akaja Wachira, mfanyabiashara wa simenti na mabati pale mjini. Wachira alikuwa na Subaru aliyoipenda kuliko duka lake, na alitaka kuiingiza katika mashindano ya magari kule Merigi, wiki tatu mbele. Turbo yake ilikuwa imekwisha, inakunywa oili na kutoa moshi wa buluu. Alikuwa ametoka Nairobi na nyingine, ndogo, imefungwa kwa gazeti, akauliza kama inafaa.

Mzee aliigeuza mkononi, akapima mdomo wake kwa vidole, akasema inafaa kabisa. Alimweleza Wachira, nami nikisikia, kwamba moshi wa injini ndio unaoizungusha turbo, na turbo ndiyo inayosukuma hewa ndani. Injini ndogo ina moshi kidogo. Ukiifungia turbo kubwa itachelewa kuamka, na barabara za huku ni kona juu ya kona.

"Ukitaka chai ya watu wawili, huweki sufuria ya harusi kwa moto," akasema.

Maneno hayo yangebaki hivyo, hii hadithi isingekuwapo.

Aliifunga turbo ndogo siku ya Jumanne. Gari lilikuwa juu ya mawe, ekseli zake zimepelekwa mjini kutengenezwa, kwa hiyo halingeweza kuendeshwa. Ilibidi lipimwe kwa sikio. Wachira akakaa ndani akakanyaga mafuta, Mzee akaweka bisibisi yake na kufumba macho. Mke wake, Mama Chelangat, alikuwa amemletea kimyet, ugali wa kwao, na mboga, amesimama mlangoni na sahani.

Turbo ile ililia. Ilikuwa filimbi nyembamba, ya juu, iliyopanda kila Wachira alipokanyaga. Mimi niliisikia nikiwa dukani kwangu. Mama Chelangat alikunja uso kwa ile sauti. Wachira yeye hakusikia kitu, maana kioo kilikuwa juu na ekzosi iko wazi inanguruma.

Mzee alikaa muda mrefu kuliko kawaida. Akahamisha bisibisi, akarudi pale pale. Mwishowe akainuka, akasema turbo imelala, haizunguki, na kwamba Wachira ameuziwa chuma cha bure.

Hapo ndipo ningesema. Nilifungua mdomo, Mungu anajua. Lakini nani anamsahihisha Sikio mbele ya mteja? Halafu dukani kwangu kulikuwa na turbo ya lori dogo la kubebea majani, kubwa, nzima, iliyokaa mwaka mzima bila mnunuzi. Mzee mwenyewe akaniuliza kama ninayo ile bado. Nikasema ninayo. Tulipoifunga ilinguruma kwa sauti nzito, na uso wake ukafunguka kama mtu aliyeona ndugu. Sauti ile aliisikia. Kuhusu sufuria ya harusi hakusema tena neno, nami sikumkumbusha.

Zilipobaki siku nne Wachira alilijaribu gari katika barabara ya udongo kati ya mashamba ya chai. Alikanyaga akiingia kwenye kona, gari likakaa kimya. Nguvu ilikuja yote mara moja, kona ikiwa imeisha na magurudumu yakiwa yanatazama upande. Aliruka mtaro akaingia kwenye majani chai mistari sita. Alitoka mzima, mkono umechubuka. Alipokuja gereji Mzee alimwambia turbo haina shida, shida ni mguu wake, ajifunze kukanyaga mapema. Wachira akakubali. Sikio alikuwa amesema, na Wachira angekwenda Merigi hivyo hivyo, kwenye kona ambazo chini yake hakuna majani chai, kuna bonde.

Asubuhi ya Jumatano nilikwenda gereji kabla sijafungua duka. Mzee alikuwa anakunywa chai na mke wake. Nilizunguka zunguka na maneno, nikaulizia ng'ombe, nikasifu mvua. Ikafika saa mbili kamili, na saa ya mkononi mwake ikalia, pii pii.

"Mzee, saa yako imelia," nikasema.

"Hii? Hii hailii."

Nilimwambia inalia kila saa, na kwamba hata turbo ndogo ililia siku ile, nami niliisikia nikanyamaza. Hakunikasirikia. Aliitazama saa ile kwanza, kisha akamgeukia mke wake.

"Mama Chelangat. Inalia?"

"Inalia," akasema Mama Chelangat. "Tangu ulitoka nayo kiwanda."

"Na hukuniambia."

"Watu wote wanakuita Sikio. Ningesema nini?"

Miaka mitatu saa ile ilikuwa imemlilia mkononi. Mashine za kile chumba zilikuwa zimekula sauti zote nyembamba, zikamwachia zile nzito, na wenye kiwanda wakamzawadia kitu cha kulia asichoweza kukisikia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu hakuwa ameficha. Tulimfichia sisi. Nilimwonea huruma hadi nikashindwa kumtazama usoni.

Nilidhani angetafuta njia ya kuibadilisha turbo kimya kimya, kwamba labda aseme ameona ufa. Mimi ningefanya hivyo. Yeye alivaa koti la kanisani, akaenda mjini dukani kwa Wachira, akasema mbele ya wateja na wabeba simenti kwamba turbo ndogo ilikuwa nzima, ni yeye asiyesikia, na gari lirudi. Wachira alinisimulia baadaye kwamba alimvutia Mzee kiti akae.

Waliifunga tena ile ndogo Alhamisi. Gari lilipowashwa Mzee aliweka ncha ya bisibisi kwenye chuma, lakini mpini akamkabidhi mke wake. Mama Chelangat akauweka sikioni, akafumba macho kama alivyomwona mumewe akifanya.

"Iko?" akauliza Mzee.

"Iko. Inapanda."

Kule Merigi, Wachira alimaliza wa saba, na gari lake likarudi likiwa na vioo vyote. Mimi nilisimama kwenye kona ya mwisho na wale wazee wawili. Kulikuwa na ukungu, magari huyaoni mpaka yafike. Kila filimbi ile ilipoanza kusikika kule mbali, Mama Chelangat alimbana mumewe mkono. Mzee aliitikia kwa kichwa, akageuka kutazama barabara, na gari likatokea.